LAFAYETTE: BINGWA ALIYEZIKWA NA MBWA WAKE

KATIKA mji wa Edinburgh, huko Uskoti, kuna makaburi ya zamani yaitwayo Piershill. Humo mna kaburi moja lisilofanana na mengine. Waliolala ndani yake ni wawili. Mmoja ni bin-adamu, aliyekuwa katika zama zake miongoni mwa wachezaji wa jukwaani waliolipwa fedha nyingi kabisa nchini Uingereza. Wa pili ni mbwa jike. Tena hawakulazwa ubavu kwa ubavu tu. Majivu ya yule mtu yalitiwa chomboni, na chombo kikawekwa katikati ya miguu ya mbele ya yule mbwa, kana kwamba mbwa ndiye mwenyeji na bwana wake ni mgeni aliyekuja kuomba malazi.

Msomaji, najua habari hii huenda ikakukirihi. Sisi watu wa pwani tulio wafuasi wa Imamu Shafii tulifundishwa tungali wadogo chuoni kwamba chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Mbwa kwetu hukaa nje, akilinda shamba au mifugo. Kulala naye nyumba moja ni shida, seuze kulala naye kaburi moja! Hata hivyo usiufunge ukurasa. Leo hatuzungumzi juu ya tohara, ambayo hukumu zake ziko wazi na hazikubadilika. Twazungumza juu ya huruma, na mahali ambapo huruma ya mtu yaweza kukwama.

MWANA WA MUNICH

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Sigmund Neuberger. Alizaliwa mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alipokuwa kijana, jamaa zake walihamia Marekani, kama walivyohama Wajerumani wengi wa wakati ule wakitafuta maisha. Huko ndiko alikoingia katika michezo ya jukwaani, na mwanzo wake haukuwa kiinimacho bali shabaha. Alikuwa akilenga kwa uta na mshale mbele ya watazamaji.

Mnamo 1898 alifika Marekani bingwa mmoja kutoka Uchina, Ching Ling Foo, aliyewashangaza watu kwa kuifunua nguo na kutoa chini yake bakuli kubwa limejaa maji tele. Neuberger alimtazama, akamsoma, kisha akaanza kumwigiza kwa mavazi yake, mwendo wake na mchezo wake. Watu wakacheka na kushangilia. Akaona mlango wa riziki umefunguka. Akajiita Lafayette, jina la yule mtukufu wa Kifaransa aliyewasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, na juu ya jina hilo akajiongezea sifa ya ukuu. Tangu hapo mabango yote yalimtangaza kuwa ni Lafayette Mkuu.

Mwaka 1900 alivuka bahari kwenda London, na hapo nyota yake ikang'aa. Hakuwa mtu wa kutoa sungura kofiani na kwenda zake. Alikuja na kundi zima la watu, farasi, simba, mapambo, mataa na muziki. Aliweza kuingia jukwaani akiwa Mchina, akatoweka kwa kufumba na kufumbua, akatokea tena akiwa kiongozi wa bendi, kisha akawa mtu mwingine kabisa. Yasemekana katika kilele chake mapato yake kwa mwaka yalifikia paundi 44,000, na hizo ni paundi za kabla ya vita vya 1914, wakati paundi moja ilikuwa kipande cha dhahabu.

Mchezo wake mkubwa kuliko yote ulihusu bibi harusi wa simba. Jukwaa lilipambwa kwa mapazia na mataa ya nchi za Mashariki, kama Wazungu walivyopenda kuziwaza nchi zetu, pamoja na Uajemi na Uarabuni. Kulikuwa na tundu, na ndani yake simba wa kweli akinguruma. Msichana aliletwa atiwe tunduni. Shujaa akaingia juu ya farasi kuja kumwokoa. Simba akasimama tayari kurukia, mara ngozi ya simba ikavuka, na aliyekuwa ndani yake ni Lafayette mwenyewe! Watu walibaki vinywa wazi, kwa kuwa punde tu walikuwa wamemwona juu ya farasi.

Siri yake ilikuwa ni mtu wa pili. Katika kundi lake alikuwamo mtu wa kimo chake na umbo lake, ambaye alivikwa nguo kama zake, akapakwa rangi kama yake, akashika nafasi yake jukwaani wakati bwana mkubwa anakwenda kujificha penginepo. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana tutalirudia.

ZAWADI YA RAFIKI

Lafayette hakuoa. Marafiki zake walikuwa wa kuhesabika. Wafanyakazi wake aliwaendesha kama jeshi. Walitakiwa kumpigia saluti, hata wakikutana naye njiani. Siri zake alizilinda kama mchimba dhahabu alindavyo shimo lake, kwani katika kazi ya kiinimacho siri ndiyo mtaji, na ikishaibwa hairudi.

Miongoni mwa wachache aliowaita rafiki alikuwamo Harry Houdini, yule bingwa wa kujifungua minyororo na pingu, aliyezaliwa Budapest mwaka 1874 na kukulia Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19, walipokuwa wote wawili wakihangaika kutafuta jina, Houdini alimpa mwenzake zawadi ya mbwa mdogo jike. Lafayette akamwita Beauty, yaani Uzuri.

Zawadi nyingine hubadilisha maisha ya aliyepewa. Mtu yule asiyemzoea mtu alimzoea mbwa huyu kwa namna ya kustaajabisha. Akala naye, akasafiri naye, akaona naye shida za mwanzo na neema za mwisho. Utajiri ulipokuja, wa kwanza kuuona alikuwa Beauty. Alivishwa ukosi wa shingoni uliotiwa almasi. Nyumbani London alikuwa na vyumba vyake mwenyewe. Katika behewa la treni alilosafiria bwana wake alitengewa mahali pake pa kulala. Chakula chake kiliandaliwa mezani, sahani baada ya sahani, kama chakula cha mgeni wa heshima.

Penye mlango wa nyumba Lafayette aliweka kibao cha kuwaarifu wageni kwamba wanaruhusiwa kunywa kinywaji chake, kula chakula chake na kuwaamrisha watumishi wake, ila sharti moja: wamheshimu mbwa wake. Na juu ya hundi zake za benki alipiga chapa picha ya Beauty kando ya mifuko ya dhahabu, akaeleza kwamba hao wawili ndio marafiki zake wakubwa.

Itafakari hundi hiyo. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu kila usiku, alipotaka kuwataja marafiki zake, alitaja mnyama na fedha.

ASIYEDANGANYIKA

Wako waliomcheka, wakasema huo ni wazimu wa tajiri. Mimi naona kulikuwa na jambo zaidi ya majivuno. Kazi ya Lafayette ilikuwa ni kuyahadaa macho ya watu. Kila aliyemtazama alimtazama katika sura isiyokuwa yake. Leo Mchina, kesho askari, kesho kutwa simba. Hata jina lake halikuwa lake. Mtu wa namna hiyo, akirudi chumbani usiku na kuipangusa rangi usoni, ataamini vipi kwamba kuna anayempenda yeye, wala si jina lake?

Mbwa haangalii nguo. Mbwa humjua mtu kwa harufu yake, kwa kishindo cha miguu yake, kwa pumzi zake. Mvike bwana wake kanzu au joho, mpake masizi au unga, mbwa atamwendea yuyo huyo. Katika nyumba ile iliyojaa hila, Beauty peke yake ndiye ambaye hila hazikumpata. Nafikiri hapo ndipo lilipokuwa shina la mapenzi yale.

Lakini umri wa mbwa ni mfupi. Miaka kumi kwa bin-adamu ni kutoka utotoni kufikia ujana, na kwa mbwa ni kutoka utotoni kufikia uzee. Zama za kupanda treni, kulala hotelini na kungojea nyuma ya pazia zilipita upesi, na yule mbwa mdogo wa siku za dhiki akawa kikongwe katika siku za neema. Alishiba, akanenepa, akawa mzito. Mali ya bwana wake iliweza kumnunulia almasi, isiweze kumnunulia mwaka mmoja.

MAUTI YA BEAUTY

Mapema mwezi wa Mei, mwaka 1911, Lafayette na kundi lake walikuwa Edinburgh kwa maonyesho katika ukumbi wa Empire Palace, uliojengwa mwaka 1892 katika barabara ya Nicolson. Wakati huo, siku chache tu kabla ya msiba mkubwa tutakaoueleza, Beauty alikufa hotelini.

Lafayette alilia kama aliyefiwa na mwana. Mbwa alilazwa juu ya mto wa hariri, akazungukwa na maua. Kisha bwana wake akawaita wajuzi wamtie dawa mwili wake usioze, akaanza kumtafutia mahali pa kumzika. Hakutaka shimo la bustanini. Alitaka makaburi ya watu.

Wenye kusimamia makaburi ya Piershill hawakuridhika na jambo hilo. Hata huko, kwa wasio na hukumu zetu za najisi, kumzika mbwa katikati ya watu kulionekana ni kuvuka mpaka. Mwishoni walikubali kwa sharti moja. Mahali hapo pawe ni kaburi lake Lafayette mwenyewe, na ajifunge kwamba siku yake ikifika atazikwa papo hapo. Akakubali mara moja. Huenda waliofanya naye mapatano walidhani mambo hayo ni ya miaka ishirini au thelathini ijayo. Yeye, yasimuliwa, alikuwa akiwaambia watu kwamba hataishi muda mrefu baada ya mbwa wake.

Ajali ya mja aijuaye ni Mola peke yake. Hata hivyo, siku zilizokuwa zimebaki zilihesabika kwa vidole.

USIKU WA MOTO

Jumanne, tarehe 9 Mei 1911, ukumbi ulijaa. Watazamaji walikuwa kama 3,000. Saa tano za usiku zilikuwa zinakaribia na mchezo wa bibi harusi wa simba ulikuwa ukifikia mwisho, mara taa moja katika mapambo ya jukwaa ikashika moto. Mapambo yalikuwa ni vitambaa, mbao na rangi, vitu vinavyoupokea moto kama makuti makavu wakati wa kaskazi. Kwa dakika chache jukwaa zima likawa tanuri.

Watazamaji hawakujua. Walikuwa wamekuja kuona maajabu, wakadhani na moto ni mojawapo ya maajabu hayo. Waliozindukana ni watu wa ukumbi. Pazia la kuzuia moto likateremshwa baina ya jukwaa na viti, na kiongozi wa bendi akawaamuru wapigaji wake wapige wimbo wa taifa. Kila Mwingereza akisikia wimbo ule husimama, na wakati ule ilikuwa ada kwamba ukishapigwa, tamasha limekwisha na watu huenda zao. Basi wakasimama, wakatoka kwa utaratibu, bila ya kukanyagana. Katika watu wote wale waliokaa mbele ya pazia, hapana hata mmoja aliyekufa.

Jambo hilo si dogo. Mwaka 1887 ukumbi mmoja wa mji wa Exeter, Uingereza, uliungua na kuua watu 186. Mwaka 1903 uliungua ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, wakafa zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto, baadhi yao wakiwa wamerundikana kwenye milango isiyofunguka. Misiba kama hiyo ndiyo iliyowafunza walimwengu kuweka mapazia ya kuzuia moto na milango inayosukumika kutoka ndani. Na pazia la Edinburgh likafanya kazi yake.

Lakini nyuma ya pazia walikuwako watu wa Lafayette. Huko moto haukuwa na wa kuuzuia. Na iko habari moja ambayo wote walioandika juu ya msiba ule hawakosi kuitaja. Mlango wa kutoka jukwaani kuingia upande wa watazamaji ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa amri ya Lafayette mwenyewe, ili asipite mtu wa nje akaziona siri zake. Katika moshi na kiza wakaukimbilia, wakaukuta umefungwa.

Walioangamia pamoja naye walikuwa kiasi cha watu kumi. Miongoni mwao mlikuwa na wapigaji wa bendi, mafundi wa jukwaani, na watoto wawili wa kundi lake. Mmoja ni msichana mdogo wa umbo, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya dubu wa bandia na kumfanya atembee, na wa pili mvulana mwenziwe. Simba akafa katika tundu lake. Farasi naye akafa.

Na Lafayette? Walionusurika walisimulia kwamba alikwisha kupata njia ya kutoka, akarudi ndani kumtafuta farasi wake. Hakuonekana tena akiwa hai.

MAITI WAWILI

Moto ulipozimwa na majivu kupoa, ilipatikana maiti imeungua vibaya, juu yake mabaki ya mavazi aliyovaa Lafayette katika mchezo. Hapakuwa na shaka. Bwana mkubwa amepatikana. Maiti hiyo ikapelekwa Glasgow kuchomwa, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mahali pa kuchomea maiti, kufuatana na mila ambayo kwetu ni haramu lakini kwao ni halali yao.

Aliyeingiwa na wasiwasi ni wakili wake. Lafayette alikuwa na ada ya kuvaa pete za thamani vidoleni, na maiti ile haikuwa na pete. Zikaendelea kufukuliwa kifusi chini ya jukwaa, na baada ya siku chache ikaonekana maiti nyingine, na hii ilikuwa na pete. Huyu ndiye aliyekuwa Lafayette. Yule wa kwanza alikuwa ni mtu wake wa pili, yule niliyekwambia, msomaji, umkumbuke, aliyevikwa nguo za bwana wake akapakwa rangi ya bwana wake. Hata kifo kilimkuta akiwa katika umbo la mtu mwingine, na watu wakawa karibu kumfanyia mazishi yasiyo yake.

Hiyo ikawa hila ya mwisho ya Lafayette, ingawa hakuikusudia. Mji mzima ulimtambua kwa nguo, ukakosea. Beauty, lau angalikuwa hai, asingelikosea.

MAZISHI

Jumapili ya tarehe 14 Mei majivu yake yalipelekwa Piershill. Barabara za Edinburgh zilifurika watu wasio na idadi waliosimama pande zote mbili kutazama msafara ukipita. Katika msafara huo alikuwamo mbwa wake mwingine, mwenye madoadoa meusi na meupe, ambaye sasa hakuwa na bwana. Houdini alituma shada la maua lililofumwa kwa umbo la Beauty, yule mbwa aliyemtoa yeye kwa mkono wake.

Jeneza la mbwa likafunguliwa, na chombo cha majivu kikawekwa baina ya miguu yake. Kisha likafungwa. Sharti la wenye makaburi lilikuwa limetimizwa upesi kuliko alivyodhania yeyote.

Ukumbi wa Empire ulitengenezwa, ukafunguliwa tena mwaka huo huo wa 1911. Mahali pake pana ukumbi hata leo, nao tangu 1994 waitwa Festival Theatre. Jiwe la kaburi la Piershill lingali lipo, na wapitao huambiwa hadithi ya bingwa na mbwa wake. Wale waliokufa nyuma ya pazia, majina yao huyajua wachache.

TUSEME NINI?

Rahisi kabisa ni kusema kwamba Lafayette alikuwa mjinga aliyempenda mnyama kuliko watu. Wengi wamesema hivyo. Mimi sioni kuwa kosa lake lilikuwa kumpenda mbwa.

Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa, yatusimulia vijana waliokimbia na imani yao wakalala pangoni miaka mingi. Hawakuwa peke yao. Mbwa wao alikuwa pale kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele, na Mwenyezi Mungu akamtaja katika Kitabu chake pamoja nao, akahesabiwa kila walipohesabiwa. Nayo Hadithi sahihi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yatueleza habari ya mtu aliyemwona mbwa anakula udongo kwa kiu. Akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakibana kwa meno akapanda nacho, akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza, walifahamishwa kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira. Najisi ya mbwa ni hukumu ya maji na udongo. Si ruhusa ya mawe.

Basi sisi tusiwe wepesi kumcheka mtu wa Edinburgh. Kosa lake lilikuwa la upande mmoja, na sisi tuna letu la upande wa pili. Nenda katika mitaa yetu ya Mombasa, Malindi au Lamu, utawaona watoto wakimkimbiza mbwa koko kwa mawe hadi achechemee, na watu wazima wamekaa barazani wakitazama, mmoja wao labda akicheka. Ukimwuliza mtoto, atakwambia mbwa ni najisi, kana kwamba jiwe ndilo lile fungu la udongo katika zile mara saba! Mtazame na punda, ambaye hata hiyo najisi hana, anavyobebeshwa mawe na mchanga hadi mgongo ukatoka vidonda. Tangu miaka ya 1980 wageni kutoka Uingereza wamekuwa na zahanati ya punda huko Lamu. Wanatenda wema, na twawashukuru. Lakini wema huo ulikuwa katika vitabu vyetu kabla hawajaja.

Na Lafayette je, alikwama wapi? Alikwama pale mlangoni. Moyo wake ulikuwa na uwezo wa kupenda, na ushahidi ni Beauty, na ushahidi ni kurudi kwake motoni kwa ajili ya farasi. Mtu asiye na huruma harudi motoni. Ila huruma ile aliizungushia ukuta, akaingiza ndani yake mbwa, farasi na siri zake, na wale waliokula mshahara wake akawaacha nje, kama askari wa kupiga saluti. Kwa mbwa alitaka heshima ya kila mgeni, na akaiandika mlangoni. Kwa msichana wa dubu hakuacha hata mlango usio na ufunguo.

Iko na Hadithi ya pili, ambayo mara nyingi husimuliwa pamoja na ile ya kiu. Ni ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie akajitafutie, hata akafa, na kwa ajili yake akaingia motoni. Wengi huisoma kama hadithi ya njaa. Ni hadithi ya mlango vilevile. Aliye na ufunguo ana dhamana ya kila kilichomo ndani, awe paka, awe punda, awe mtumishi wa nyumbani, awe kibarua wa dukani anayefungiwa ndani usiku pamoja na bidhaa ili zisiibwe. Nao hao wapo, katika miji yetu hii hii, na moto nao hauishi.

Mwenye mbwa wa kulinda shamba na amlishe, ampe maji, amwache kivulini, kisha aoshe chombo chake kama alivyofundishwa. Mwenye mtoto na amnyang'anye lile jiwe. Na mwenye kufunga mlango usiku na atazame kwanza ni nani aliyebaki ndani.